Maji ya Kwanza ya Bi Mize

Tangazo la kifo lilisomwa redioni asubuhi, baada ya lile la ng'ombe aliyepotea, nami nilikuwa jikoni nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi. Bi Mize wa Bwejuu amefariki dunia, maziko ni leo saa saba mchana kijijini kwake. Msomaji akawataja jamaa ambao habari ziwafikie popote walipo: wa Kendwa, wa Fumba, wa Mlandege. Jina langu halikuwemo, na lingekuwemo kwa haki gani? Nikaendelea kukuna mpaka nazi ikaisha na meno ya mbuzi yakashika kifuu, kisha yakashika kidole. Binti yangu aliponikuta na machozi akakimbilia kitambaa, akidhani nalilia kidole. Sikumsahihisha. Kwa kuwaacha watu waamini kisichokuwa, mimi ni bingwa, na ubingwa huo niliupata katika mwaka mmoja tu wa ujana wangu.

Nilizaliwa wapi na nililelewa vipi sitaeleza. Watu wangu hawana mkono katika haya, na sitaki mtu aseme malezi ndiyo yaliyoniponza. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimetoka chuoni na cheti kipya, nikaajiriwa msaidizi wa maabara kwenye mradi wa kuchunguza dawa za miti shamba. Mradi ulikuwa umepanga ghorofa ya pili ya nyumba kongwe ndani ya Mji Mkongwe, nyumba ya ngazi zilizosimama wima hata mgeni huzipanda kwa mikono na miguu. Tulikuwa watu watatu. Mkuu wetu alikuwa Daktari Nassor, mtu wa makamo, mrefu na mpole, mwenye tabia ya kuuliza swali kisha akangoja hata baada ya kujibiwa. Khamis wa Mlandege alikuwa mtunza wanyama, mkubwa wangu kwa miaka kama kumi, mtaratibu, mwenye mikono mikubwa ambayo hungetarajia iweze kushika kitu kidogo. Wa tatu ni mimi, Zuhura, niliyejiona ndiye sayansi yenyewe imevaa baibui.

Chumba cha panya zamani kilikuwa chumba cha kulala cha watu wenye nafasi zao. Dari ilikuwa ya boriti, ukutani mna vidaka ambamo wenyewe waliweka vyombo vya kigeni na sisi tukaweka pamba na sindano, na dirisha la mbao lilitazamana na dirisha la jirani hata ungeweza kuomba chumvi bila kunyoosha sana mkono. Harufu ya pumba, mkojo wa panya na dawa ya kusafishia sakafu ilikuwa haitoki nguoni. Nyumba ya pili walikaa wanawake wawili, mtu na wifi yake, na mazungumzo yao yaliingia kwetu kama vile tumekaa mkeka mmoja. Siku moja nilimsikia mmoja anasema, "Wale panya wana daktari wao, wana mtu wa kuwafagilia, wanapimwa uzito kila kukicha. Mie na goti langu hili nnakwenda hospitali, napewa tarehe tu." Mwenziwe akamjibu, "Basi na weye ota mkia." Khamis alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilifunga dirisha, maana niliona wanatudharau.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Panya weupe tuliwagawa makundi. Hawa tuliwanywesha maji matupu, hawa dawa ya hospitali ya kutuliza uvimbe, na hawa dawa ya mti tunayoichunguza. Baada ya saa moja nilimdunga kila mmoja unyayoni kwa kitu cha kuvimbisha. Mguu ukianza kutuna, tuliutumbukiza kwenye kichupa cha kioo chenye mistari na maji, na kadiri maji yalivyopanda ndivyo tulivyojua uvimbe ni wa kiasi gani. Tulirudia kila saa mpaka jioni. Khamis alishika, mimi nikasoma mistari na kuandika. Kila alipomrudisha panya kizimbani alimwambia taratibu, "Tuwie radhi." Mimi nilimtania, "Kaka Khamis, huyo ni panya, si shemeji yako." Akanijibu bila kuudhika, "Simwambii yeye. Namwambia aliyemuumba." Nilimwona mshamba. Leo nikikumbuka macho mekundu ya wale viumbe na mguu mmoja umenyanyuliwa hewani kwa maumivu, na mimi nasoma mistari kwa sauti ya kujivuna, naona aibu hata nikiwa peke yangu chumbani.

Mti tuliouchunguza mwaka ule sitautaja jina. Yuko atakayesoma hapa akaenda kuubandua na kuuchemsha, na mimi yaliyonifika yananitosha. Ulikuwa mti wa Bi Mize, kwa maana kwamba yeye ndiye aliyejulikana nao upande wote ule wa kusini. Wanawake wa mwani wa Bwejuu, ambao hushinda wameinama ndani ya maji ya chumvi, wakirudi magoti yamejaa na vidole havikunjiki, walikwenda kwake na yeye akawapa cha kunywa. Daktari Nassor alimfuata mwenyewe akazungumza naye, na Bi Mize akakubali kutuonyesha. Sharti lake lilikuwa moja. "Mie sitaki kitu," alisema. "Mkishaona inafaa, muandike kuwa ni ya Mize. Basi." Daktari akampa mkono.

Nikatumwa mimi kwenda kuandika inavyopikwa. Gari ya mradi ilinishusha Bwejuu asubuhi, nikabisha hodi kwenye nyumba ndogo ya mawe iliyoezekwa makuti. Bi Mize alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, wa miaka hamsini na kitu, mwenye vidole vilivyopinda kwa kufunga mwani. Nilimwamkia shikamoo, akanijibu marahaba na kuniuliza kama nimekula kabla hajaniuliza jina. Alikuwa anakaa na Pili, msichana wa rika langu, mtoto wa dada yake aliyefariki, ambaye alimlea kama wake. Tulikaa jikoni watatu. Bi Mize alitia gome chunguni, akaukoleza moto kwa vifuu, likachemka mpaka likatoa povu la rangi ya kutu. Hapo akachukua pembe za kanga yake, akakishika chungu, akatoka nacho mlango wa nyuma mpaka ugani, akamwaga maji yote polepole juu ya mawe huku akisema maneno kwa lugha ya kwao, ambayo mimi wa mjini naishika nusu tu. Akarudi, akatia maji mapya, akainjika tena.

"Mbona umemwaga, Bi Mize?" nikamuuliza.

"Ile ya kwanza si yetu, mwanangu. Ina wenyewe. Ya kunywa ni hii ya pili."

"Wenyewe kina nani?"

Akacheka. "Mie najua? Bibi yangu alinambia hivyo, na yeye aliambiwa na bibi yake. Ukinywa ya kwanza umekula cha watu, na cha watu hakimkai mtu tumboni."

Wakati dawa ya pili inachemka Pili alinipakulia mihogo ya nazi na changu wa kukaanga, nami nikala kwa pupa ya mtu aliyezoea chai na andazi la kununua. Bi Mize aliniuliza habari za panya wetu, na huo uvimbe tunautoa wapi. Nikamwambia tunawadunga unga unaokuja kutoka nje ndani ya kichupa, na unga wenyewe hutengenezwa kwa mwani. Alipiga kofi pajani. "Mwani huu wetu? Unakwenda huko Ulaya, unarudi kuvimbisha panya? Basi mie na hao panya ugonjwa wetu mmoja!" Tulicheka sote. Kisha akamtazama Pili, akasema kwamba mamake naye alikuwa na magoti kama maboga, akampa dawa mwaka mzima, akawa anashuka pwani na wenziwe bila fimbo. "Kisha yakamzuka mambo mengine. Macho yakageuka manjano, tumbo likajaa, akatutoka. Siku zake zilikuwa zimefika." Pili alikuwa ananiongeza mchuzi. Aliniongeza mwingi, ukamwagika mpaka kwenye mkeka, na tukaanza kufuta.

Niliporudi mjini niliketi na fomu ya mradi, kurasa tatu, ambayo ingesomwa na wataalamu wa nchi mbalimbali. Kulikuwa na mahali pa kuandika namna ya kupika, na chini yake mstari unaouliza mila au masharti yoyote. Kalamu ikasimama. Mimi nilisomeshwa chuo cha Qur'ani tangu sijui kufunga kanga. Najua kumwagia vitu mizimu kunaitwaje. Daktari Nassor naye alikuwa mtu wa sala tano. Akilini nilimwona akisoma kwamba mwanamke tuliyemshirikisha anatoa sadaka kwa mashetani ugani, niliwaona wageni wakicheka, na nikaona namsitiri Bi Mize kama mtu anavyomsitiri mwenziwe kwa kumfunika kanga iliyomfunguka. Kwenye kijidaftari changu cha mfukoni niliandika: "Anamwaga maji ya kwanza. Mambo ya mizimu. Usiandike." Kwenye fomu nikaandika kwamba gome huchemshwa na kuchujwa. Kwenye mstari wa mila na masharti nikaandika: "Hakuna." Nilijihisi mwema sana siku ile. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba kosa lenyewe lilianza na mimi nikiwa nimejawa na wema.

Nikaanza kupika mwenyewe, maji ya kwanza ndiyo hayo hayo, na dawa ilifanya kazi ajabu. Miguu ya panya walionyweshwa mti wa Bi Mize haikuvimba nusu ya wenziwao. Ilishindana na dawa ya hospitali, na siku nyingine iliishinda. Daktari Nassor alikuwa si mtu wa makeke, lakini alituagizia biriani tukala juu ya meza ya mizani, na Khamis akazisogezea vizimba punje chache za wali, akidai nao ni wenye shughuli. Siku ile Daktari alinambia ataniandikia barua nikasome bara, shahada kamili, kwa gharama za mradi. Nilirudi nyumbani sijui kama nakanyaga chini.

Mwezi uliofuata Bi Mize alikuja mwenyewe kutuletea gunia la gome. Alivaa kanga mpya ndani ya baibui, akapanda zile ngazi huku akimtaja Mtume kila kipandio. Alizunguka vizimba kimoja kimoja, akainama, akamwona panya aliyekunywa dawa yake anatembea kwa miguu yote minne na mwenziwe wa maji matupu anachechemea. Alijishika kifua. "Angalia," akasema. "Angalia huyu." Kisha akaniuliza, "Mnapika wenyewe hapa?" Nikamwambia naam. "Na ile ya kwanza mnaimwaga wapi, huku juu ghorofani?" Daktari Nassor alikuwa mlangoni anaosha mikono. Akageuka, "Ya kwanza ipi?" Sikuchelewa hata kidogo. Nikamwambia Daktari kwa Kiingereza kwamba anauliza maji ya kuoshea gome, nikamwambia Bi Mize, "Tunaimwaga uwani, Bi Mize, usiwe na shaka." Wote wawili wakaitikia kwa kichwa, wameridhika. Kwa pumzi moja niliwadanganya watu wawili walioniamini, kisha nikaenda kutengeneza chai.

Uvimbe wa saa chache ni jambo moja. Wale wanawake wa Bwejuu walikuwa wanakunywa kwa miezi, kwa hiyo Daktari akataka tuwanyweshe panya kila siku, wiki kwa wiki, tuone. Wiki mbili za mwanzo hazikuwa na neno. Ya tatu Khamis akanambia manyoya ya baadhi yao yamesimama, na masikio yana rangi ya bizari. Nikamwambia ni baridi ya kiyoyozi. Kesho yake akamkuta mmoja amekufa, amejikunja pembeni, na kabla ya wiki kwisha wakafuata wengine wa kundi lile lile, wakati wale wa maji matupu wanagombania dagaa. Daktari alimpasua mmoja mbele yetu. Ini lilikuwa limevurugika, limejaa madoa. Khamis alitoka nje. Nami nilikwenda kwenye mkoba wangu, nikatoa kijidaftari, nikasoma maandishi yangu mwenyewe: "Usiandike." Sikuwa na ushahidi bado, lakini moyo ulishanambia. Sumu ilikuwa kwenye maji yale ya kwanza, na yule mama aliyepokea neno kutoka kwa bibi yake alikuwa anaitoa kila siku bila kuijua jina, na mimi mwenye cheti niliwanywesha.

Daktari aliniita ofisini kwake. Juu ya meza kulikuwa na karatasi za ripoti, na pembeni barua yangu ya masomo, imeshapigwa chapa, inangoja saini. "Zuhura," akasema, "hili litamgusa mtu. Kabla sijaandika, fikiri vizuri. Alichokifanya mbele yako chote umekiandika?"

"Chote, Daktari."

Akangoja, kama kawaida yake. Nje wale majirani walikuwa wanazozana juu ya cherehani. Nilisikia kila neno, nani alivunja sindano na nani alinunua, na nikatamani wasinyamaze.

"Hakuna cha kuongeza wala kupunguza?"

"Hakuna, Daktari."

"Haya. Nakuamini," akasema, akavuta karatasi. Alitia saini ripoti, kisha akatia saini barua. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilinifikisha mbali, hadi kwenye shahada, na kila hatua niliona nafasi ya kugeuka nyuma na sikugeuka.

Tulikwenda Bwejuu sote. Daktari hakutaka habari ile ipelekwe kwa barua. Sheha aliwakusanya watu kwenye banda la skuli, wanaume mbele na wanawake nyuma, na Daktari akasema kwa upole kadiri alivyoweza kwamba dawa ile inatuliza uvimbe kweli, lakini mtu akiitumia kwa muda mrefu huharibu ini, macho hugeuka manjano, tumbo hujaa. Alipotaja macho manjano nilisikia wanawake nyuma yangu wanavuta pumzi. Mmoja alisema, si kwa sauti kubwa, "Mamake Pili." Mwengine akasema, "Nyamaza." Hawakunyamaza, minong'ono ilipita mkeka hadi mkeka. Bi Mize alikuwa amekaa pembeni, mikono juu ya magoti.

Walipotawanyika alinijia mlangoni pa banda. Pili alikuwa nyuma yake, hatua mbili tu. Bi Mize alinishika mkono wa baibui, akainamisha kichwa asisikike na wanaume. "Mwanangu, nambie kweli. Ile ya kwanza mlikuwa mnaimwaga?"

Hapo ndipo ningeweza. Hakukuwa na fomu pale, wala saini. Ilikuwa neno moja tu kwa mwanamke aliyenilisha. Lakini Daktari alikuwa ndani ya gari, kioo kimeshuka, na barua yangu imo ndani ya mkoba niliouning'iniza begani.

"Naam, Bi Mize," nikasema. "Tulikuwa tunaimwaga."

Aliniachia mkono. "Basi dada nilimuua mie," akasema. Hakulia. Alisema kama mtu anayejibu anapoulizwa saa. Nyuma yake Pili alitazama chini, akageuka, akaondoka peke yake kwa njia ya nyuma, na yule mama akabaki amesimama katikati yetu.

Mwaka ukaisha, nikaenda bara kusoma. Khamis ndiye aliyeniletea habari kila nilipompigia, maana alikuwa na jamaa Bwejuu. Pili alihama nyumbani kwa Bi Mize wiki ile ile. Watu waliacha kwenda kwake, kwanza kwa dawa, kisha kwa chumvi na moto. Katika mwaka wa tatu nilimwomba Khamis anitumie gome, nikasema ni la kufundishia. Nikalichemsha katika maabara ya chuo, nikamwaga maji ya kwanza kwenye beseni la kunawia, nikawanywesha panya yale ya pili kwa wiki nyingi kama zile za mwanzo. Hakufa hata mmoja. Nilipowapasua maini yao yalikuwa mekundu, safi, yanang'aa. Niliandika kila kitu siku ile, nikatia tarehe, nikafunga kabatini. Ningemwonyesha nani bila kujionyesha mwenyewe? Nilijipa ahadi: nikimaliza masomo, nikipata kazi, Daktari akistaafu. Daktari alistaafu, akafariki, na mimi nilikaa safu ya mbele kwenye hitma yake nikapokea pole kama mwanawe.

Nilikwenda Bwejuu mara moja, miaka mingi baadaye, nimekata shauri kusema. Nilimkuta Bi Mize uani anatwanga. Alinijua mara moja, akanitandikia mkeka, akaniuliza watoto wangapi. Tulikaa muda mrefu. Kisiwani kwetu mgeni huletewa walau maji, naye aliona macho yangu yanatafuta, akasema, "Nisamehe, mwanangu. Mie simpikii mtu tena, wala simpi cha kunywa. Nnaogopa mkono wangu." Nilipaswa kuanguka miguuni pake. Nilitazama saa, nikasema gari inaningoja. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu keshakua, keshaota ndevu, na anakaa nami nyumba moja.

Siku ya maziko nilifika jeneza limeshatoka na wanaume. Nyumba ilikuwa imejaa wanawake, wanasoma. Sikuthubutu kuingia. Nilizunguka ugani nikamkuta mwanamke mnene anaosha mchele kwenye sufuria kubwa, kichwani kanga mbili. Nilimjua ni Pili kwa namna ya kuinamia chombo. Nikampa pole, akanijibu, "Tushapoa. Nani mwenzangu?"

"Zuhura. Nilikuja zamani na Daktari. Wakati wa ile dawa."

Hakuacha kuosha. Nikamweleza pale pale, nimesimama, haraka, naogopa nikivuta pumzi nitakimbia: fomu, mizimu, maji ya kuoshea gome, barua, mlango wa banda la skuli, wale panya wa bara ambao hawakufa. Nilipomaliza alikuwa ameinua mikono, maji yanamchuruzika viwikoni.

"Kwa hiyo mlichowanywesha ni ile ya kumwaga."

"Ndiyo ile."

"Na alipokuuliza, mie nimesimama pale, ukamwambia mliimwaga."

"Ndiyo, Pili."

Akakaa juu ya kibao. "Mie nna watoto wanne," akasema. "Hakuna aliyekula kwake hata siku moja. Kila sikukuu alikuja na sahani ya visheti, kaivisha kitambaa kisafi. Nnampokea mlangoni, nnamwambia ahsante, akishapinda kona navitupa. Alikuwa anajua navitupa. Mwaka wa pili analeta tena." Alijifuta uso kwa mkono uliolowa maji ya mchele. "Juzi alikuwa anaongea, Zuhura. Juzi tu. Nimekwenda kumtazama, kakaa kitandani, ananiulizia wanangu kwa majina."

Nilisema nisamehe, na nilipolisikia likitoka nikaona lilivyo jepesi.

"Umekuja kuutua mzigo wako," akasema, "umeutua juu yangu." Kisha akasimama, akanionyesha mlango wa ndani kwa kidevu. "Ingia ukawaambie. Wale ndio walioacha kumuazima hata kibiriti. Mie sitakusemea."

Niliingia. Walikuwa wameketi bega kwa bega hadi ukutani, misahafu mapajani, na mmoja mmoja wakanyamaza waliponiona nimesimama sikai. Nikasema naitwa Zuhura, nnatoka mjini, na Bi Mize hakumuua dada yake wala mtu yeyote. Dawa yake kwa jinsi alivyoipika haikuwa na neno. Aliyekosea ni mie, na aliyesema uongo ni mie, na nilijua.

Kisha bibi mmoja mzee sana, aliyenyoosha miguu yake iliyovimba juu ya mkeka, alinyanyua uso akanitazama bila ukali wowote.

"Na yeye," akauliza, "uliwahi kumwambia?"

"La, bibi," nikasema. "Sikumwambia."